Mashamba Mazuri, Watu Wako Wapi?

Nakumbuka Jumatatu moja ya mvua, mwanangu, miaka ile ya tisini tulipokuwa tukikaa Molenbeek, mtaa wa Brussels, Ubelgiji. Mume wangu Bahati alirudi kazini akiimba. Yeye ni mtu wa Masisi, kwetu Kivu huko Kongo, mfugaji, na Brussels ilimpa ufagio wa kusafisha vituo vya metro. Sasa rafiki yake alikuwa amempatia kazi ya shamba Uingereza, katika jimbo la Herefordshire, pamoja na nyumba.

"Furaha mke wangu, majani hadi upeo wa macho! Tufunge mizigo."

Nilikuwa na mimba kubwa, nami nikafurahi. Kesho yake nilikwenda Uccle, mtaa mwingine wa jiji, nilikokuwa nikimtunza bibi mmoja mzee. Dada yake alikuwa amekuja kumtembelea, naye aliishi huko huko Herefordshire. Nikamweleza habari yetu. Hakushangilia.

"Ardhi ni nzuri," alisema. "Tuna ng'ombe, tuna matufaa. Lakini vijana wanakimbilia mijini, na wanaohamia kwetu ni wastaafu. Shule ya kijiji chetu imefungwa, watoto hakuna."

"Sasa nani analima?"

"Mashine. Na wageni wakati wa mavuno."

Nilichanganyikiwa. Kwetu Masisi ardhi ikiwa nzuri, ndugu hugombana kwa mpaka. Hawa wana ardhi yenye rutuba, wana mali, na watoto wao wanaikimbia? Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, lakini nani aliwafukuza wajenzi?

Nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo mle Brussels, kwa Maman Zawadi, msusi, mzee wetu sisi watu wa Kivu. Akanikemea huku akisuka. "Bon, muliuliza ngombe, muliuliza nyumba. Na batu? Uchungu ukikushika, utaita nani?"

Nilimweleza Bahati hayo yote, naye akaenda kwanza peke yake kwa mavuno, kujaribu, akarudi. Alisema matufaa ni matamu, ila jioni alikuwa akizungumza na ng'ombe. Tukabaki Brussels. Lakini hadi leo tukipita bustanini husimama akitazama majani, nami sijui kama tulichagua vyema.

Mwanangu, ukisifiwa nchi, usiulize inazaa nini tu. Uliza nani anaishi huko, nani ameondoka, na kwa nini. Kuuliza si ujinga. Majibu yakikuvuruga, heri uvurugike kabla hujafunga mizigo.

Mungu akupe ardhi yenye majirani, na wakuitikie ukiita.