Maji ya Majivu ya Mama Kiden

Nilisafiri kwenda Koboko kwa sababu nilimsingizia mtu. Mkuu wa mradi wetu Kampala alidhani naenda tu kutafuta kilichoharibu makaa, nami sikumsahihisha. Nyinyi mlio nyumbani Dodoma, ambako maganda ya karanga tunayatupa jalalani, niwaeleze kwanza kazi yenyewe. Maganda huchomwa ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yawe makaa. Maabarani tunayachoma tena kwenye tanuri kali, tunayasaga na kuyapaka kwenye kibati chembamba. Vibati viwili vya namna hiyo vinatunza umeme. Makaa yakiwa na vitundu vidogo vingi, umeme unaotunzwa ni mwingi.

Makaa ya Mama Kiden, mkulima wa Kuluba huko Koboko, yalikuwa na vitundu vingi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Gunia la kwanza lilitufanya turukeruke kama watoto. La pili halikufaa kitu. Nikaandika kwenye ripoti, kwa hasira na bila kumuuliza, kwamba amechanganya makaa ya kuni. Mradi ukamnyang'anya pipa. Miezi kadhaa baadaye, nikipekua daftari langu la zamani, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe wa kabla ya gunia la pili: nimemwambia mama aache kuloweka maganda kwenye maji ya majivu, yanachafua.

Majivu yana potashi, na ndani ya tanuri potashi ndiyo inayotoboa makaa. Nililisoma hilo chuoni na mtihani wake nikafaulu.

Arua, saa nne asubuhi. Nilishuka kwenye basi miguu imekufa ganzi, nikapitia mtaa wa Oli kwa kikundi kilichopewa pipa la Mama Kiden. Nililikuta limekatwa juu, linakinga maji ya mvua. Mwenyekiti wao aliniambia bila wasiwasi kwamba makaa yana moshi mwingi na maji yana kazi zaidi. Nilitaka kumfokea, lakini wa kufokewa nilikuwa mimi.

Kutoka Arua kwenda Koboko ni lami, na malori ya kwenda mpakani Oraba yalitupita kwa fujo. Wafanyabiashara wa Sudan Kusini niliokaa nao walizungumzia unga njia nzima. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na kila niliyoyapanga yalikuwa ya kujitetea.

Kuluba, saa tisa alasiri. Mama Kiden alikuwa anapepeta ufuta uani na majirani zake wawili. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Zamani aliniita binti yangu. Siku hiyo nilikuwa madamu. Nikajikaza kisabuni, nikasema yote mbele ya wale majirani.

Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Kisha akanieleza kwamba aliloweka maganda kwa ajili ya mchwa, ambao wangeyamaliza yakiwa bado kwenye magunia. Maji yale ni yaleyale ya kulainishia mboga, ya majivu ya mabua ya ufuta. Akaniambia pia kwamba afisa wa mradi alikuja kuisoma ripoti yangu kwenye mkutano wa kijiji, na Jumapili iliyofuata kanisani wakamwondoa kwenye uongozi wa akina mama.

"Wewe ilisema maji ya majivu iko chafu," akasema. "Mimi ilisikia wewe, ikaacha. Halafu wewe naita mimi mwizi."

Na hapo, aibu ikiwa bado usoni, nikamwomba anionyeshe vipimo vya majivu. Maji aliyonipa nilikuwa sijayamaliza.

Akaweka ungo chini.

"Ile karatasi ndiyo naharibu jina yangu. Enda andika ingine. Leta hapa, watu nasoma. Siku hiyo mimi naonyesha wewe majivu."

Nikaahidi. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa sababu mgeni husindikizwa.

Arua, asubuhi ya pili. Nikisubiri basi nilizunguka sokoni. Pembeni mwa wauza mboga alikuwapo mwanamke mwenye mafungu ya majivu. Nikamuuliza ni ya nini. Ya mabua ya simsim, ndio ufuta huo, akasema, ya kupikia. Nikapita. Nikarudi, nikanunua mafungu sita, nikijidanganya kwamba matokeo mazuri yatanipa nguvu ya kumtetea.

Kampala. Nilijaribu vipimo tofauti mpaka makaa yakatoboka vizuri kuliko hata yale ya gunia la kwanza. Taa ndogo ikawaka kwa umeme wa vibati vyetu juu ya meza ya mkuu wa mradi, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Walipotoka nikampa ukurasa wa kumsafisha Mama Kiden. Akausoma, akanirudishia. Ripoti ile imefungwa, akasema, na kuifungua kutatupaka matope sote.

"Kwani bado tunamhitaji?" akauliza.

Nikamjibu hapana.

Sikulazimishwa. Kabla ya safari hii nilijiona mtu mwema aliyepitiwa kidogo. Nilichojifunza ni kwamba Mama Kiden alikuwa na kitu kimoja tu cha kunifanya nirudi, nami nilikinunua sokoni ili nisirudi. Ule ukurasa bado uko mkobani mwangu, na yeye anausubiri.