Uji wa Mwalimu Mkuu

Mwezi uliopita nilialikwa Nyeri kwenye ufunguzi wa jumba jipya la kulia chakula, katika shule niliyosomea utotoni. Nilipofika langoni nikasoma jina lililochorwa juu ya mlango wa jumba hilo, nikageuza gari nikarudi nilikotoka. Lilikuwa jina la mwalimu wetu mkuu. Wewe, rafiki yangu, hukumjua, kwa hivyo acha nikueleze.

Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru. Shule za mjini zote zilikuwa chini ya baraza la mji, lakini hazikulingana hata kidogo. Ile ya juu kilimani, iliyokuwa ya watoto wa wazungu, ilikuwa na vioo madirishani na nyasi zilizokatwa vizuri. Yetu ilikuwa bondeni, ya mbao na mabati, na ukungu wa asubuhi uliingia darasani pamoja nasi. Tulikuja miguu mitupu, kila mmoja na ukuni wake wa kupikia uji. Hata hivyo niliipenda. Niliupenda ule moshi wa kuni mbichi, na kelele zetu tukiimba hesabu huku tukipigapiga miguu ili ipate joto.

Uji ndio ulionishinda. Unga safi na maziwa ya unga vililetwa kwa magunia, tukaviona vikishushwa. Lakini sisi tulipikiwa unga uliooza, unaonuka mkojo wa panya, na fukusi wakaelea juu yake kama majani ya chai. Ule mzuri ulikwenda kwa nguruwe wa mwalimu mkuu, nyuma ya nyumba yake. Ndoo tulizibeba sisi wenyewe. Hadi leo nawasikia wale nguruwe wakifyonza maziwa, pua zao nyeupe.

Aliyelalamikia fukusi aliambiwa na mwalimu mkuu, "Kunywa, hiyo ni nyama."

Siku moja msichana niliyekaa naye dawati moja, mtoto wa jirani yetu, alitapika ndani ya kikombe chake. Mwalimu mkuu akaja akasimama mbele yake, akamwamuru anywe vyote. Akanywa. Kesho yake hakuja shuleni. Jioni mama yake alikuja kwetu kumweleza nyanya yangu kwamba mtoto anatetemeka hata akiiona sare.

Nyanya alingoja siku ya mkaguzi wa shule. Siku hiyo ofisi ya mwalimu mkuu ilinukia mayai ya kukaanga na nyama ya mbuzi. Nyanya alifika amejifunga kitambaa chake cha kwenda kanisani, akapitia jikoni, akachota uji kwenye sufuria yetu, akaingia ofisini bila kubisha. Tulijazana dirishani.

"Mwalimu, leo anza wewe," alisema, akakiweka kikombe mezani.

Mwalimu mkuu akatazama ukuta. Mkaguzi akachungulia kikombeni, kisha akakisukuma kando kwa kidole kimoja, kisiguse sahani yake.

"Mama, hawa watoto wako na tumbo ngumu," alisema. "Wamezoea."

Akaendelea kula. Nyanya alisimama pale akimtazama anavyotafuna, halafu akatoka.

Tangu siku hiyo alinifungia nduma za kuchemsha kila asubuhi, za kutosha watu wawili, iwapo mtoto wa jirani angerudi. Hakurudi. Alipelekwa Wamagana kwa shangazi yake kuchuma majani chai. Mwalimu mkuu naye hakukaa sana. Alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa shule zote za mji, hata ile ya kilimani.

Mabati yale yameng'olewa, nyanya tulishamzika, na hakuna mtoto anayebeba ukuni tena. Sina haja virudi. Ninayemkumbuka ni yule msichana. Hesabu nilifundishwa na yeye, kwa kunong'ona, kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni, na ndizo zilizonipa kazi. Nasikia hadi leo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, hanywi chochote kwa kikombe ambacho hakukiosha mwenyewe.