Bi Zaituni na Madoa Wawili

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Kilosa, mchana kweupe, mvua ikipiga bati.

Ilikuwa miaka ya soko huria, hata kompyuta kubwa ziliingia nchini kwa mtumba. Hospitali moja ilinunua seva ya namna hiyo, mashine moja iliyogawanywa kama nyumba ya wapangaji wawili: upande mmoja ulitunza mafaili ya wagonjwa, mwingine dawa za stoo. Diski ya stoo ilikuwa inakufa. Nikaitwa kutoka Mikumi niibadilishe bila kuzima mashine. Mafaili ya wagonjwa hayakuwa na nakala. Ningechomoa diski isiyo yenyewe, kumbukumbu za wajawazito wote wa kliniki zingepotea.

Chumbani nilimkuta mama mtu mzima, khanga ya kijani mabegani, ameketi kwenye stuli kando ya mashine.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama kwa upole, asiitikie. Wewe ungefanyaje? Mimi niliona haya, nikainamia kazi. Kwenye skrini kulikuwa na njia ya kuifikia diski mbovu, namba zilizotenganishwa kwa mistari ya mshazari: bodi, tundu, kisha diski. Nikasoma ya mwisho tu. Sifuri. Nikaiona diski sifuri, nikaishika.

"We Msukuma!" mama akasema. "Kwenu ukitumwa kumchinja ng'ombe Madoa, unachinja Madoa yeyote utakayemwona?"

"Hapana, mama. Nauliza kwanza, Madoa wa zizi la nani."

"Na hapo umeuliza?"

Nikarudi kusoma njia tangu mwanzo. Namba ya kwanza ilitaja bodi, na bodi ndiyo zizi: sifuri ya wagonjwa, moja ya stoo. Kila zizi lilikuwa na diski sifuri yake. Niliyoishika, niamini, ilikuwa ya wale kina mama.

Nikaiachia kama kaa la moto. Nikaifuata njia taratibu, bodi moja, tundu lake, diski yake. Nikachomoa. Taa za upande wa wagonjwa zikaendelea kupepesa, kijani, kama hakuna kilichotokea duniani.

"Marahaba, mwanangu."

Niligeuka. Stuli ilikuwa tupu, na mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa komeo.

Nilipomsimulia muuguzi mkuu, alicheka huku akifuta machozi. "Khanga ya kijani? Huyo Bi Zaituni, ndiye aliyeifunga mashine ile ilipoletwa. Tulimzika kwao Vidunda kabla ya masika. Kwa kuwatania nyie wafugaji, hajambo!"

Tangu siku ile sifungui mashine bila kuiamkia. Wenzangu hunicheka, nami nawaacha. Lakini wewe unayesoma, sikia: usiguse cha mwisho kabla hujajua cha kwanza. Na ukimwamkia mzee akakaa kimya, usinune. Itazame vizuri mikono yako, imeshika nini.