Kipimo cha Penye Mawe

Kaka yangu ni mpima mito. Kazi yake, ukiiondolea majina makubwa, ni kusema bwawa liachie maji kiasi gani kiangazi ili mto usife: samaki wapite, miti ya ukingoni ipate kunywa. Wakulima wenye pampu za kumwagilia humwita Bwana Kiasi. Halipendi jina hilo, lakini akiitwa anageuka.

Kipimo cha namna hiyo huchukuliwa penye mawe, mto unapotanuka na kina kupungua, kwa sababu samaki akiweza kupita hapo, kwingine hashindwi. Kaka alilijua hilo fika. Lakini ni papo hapo, msimu mmoja wa mvua, mkondo ulipomzoa kitinda mimba wetu akiwa amemshikia fimbo ya kupimia. Tangu siku ile kaka akawa anapimia darajani, anateremsha kifaa kwa kamba, miguu mikavu. Hapo mto ni mwembamba na una kina, kwa hiyo hata maji machache yanaonekana ya kutosha. Bwawa likaachia kiasi alichoandika yeye. Ofisini hakuna aliyemuuliza kitu. Walimsifu tu kwa usafi wa viatu.

Kiangazi hiki samaki walikwama chini ya mawe wakafa chungu nzima, harufu ikafika hadi sokoni. Kaka akaacha kula. Asubuhi moja alinijia na mabuti ya mpira mkononi.

"Dada, twende wote. Peke yangu siwezi."

Nilimshika mkono mpaka ukingoni, mtu mzima na mvi zake. Aliingia hatua kwa hatua. Maji hayakumfika hata kifundoni. Akasimama pale yalipomchukua mdogo wetu, akalia kwa sauti, nami nikalia naye. Kisha akapima, jiwe hadi jiwe, akaandika kiasi kipya: mara tatu ya kile cha zamani.

Jioni alimweleza mama. Mama alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho.

"Kwa hiyo umeomba maji yarudi pale pale?"

"Ndiyo, mama. Bila hivyo mto wote unakufa."

Mama akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ila siku yakirudi, usiniambie."