Mama Mlangoni na Ungo wa Mbaazi

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kupiga picha, huwa nacheka kwanza. Nilijifunzia kwenye banda la video la Maisaka, tena kwa ugomvi.

Manyara ilikuwa bado mkoa mpya. Babati ilijaa wageni wa maofisini na vumbi la ujenzi, na mwenye banda lile alikuwa na ugonjwa mmoja tu: rimoti. Watu wakipigana kwenye filamu, anaacha. Wakinyamaza kidogo, anatangaza, "Hapa hakuna kitu, napeleka mbele!" na banda zima linamshangilia. Nilikuwa nakereka hadi basi, maana mimi nilichokifuata kilikuwa kwenye vipande hivyohivyo alivyokuwa anaviruka.

Mchana mmoja kwenye filamu akatokea mama mtu mzima ameketi mlangoni, anamenya viazi. Haongei. Mwanga unaingia kwa upande, unamshika shavu na mikono, kwingine kote giza. "Usipeleke mbele!" nilipiga kelele. Watu wakanigeukia. "Vipi dada, viazi hujawahi kuviona?" Wakacheka weee! Lakini siku hiyo, sijui kwa nini, mwenye banda alikiacha kipande kile mpaka kikaisha. Nilitoka pale machozi yananilengalenga.

Nyumbani tulikuwa na kamera ndogo ya mkanda, aliyoiacha kaka yangu alipokwenda machimboni Mererani. Aliondoka akisema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yalipita, na mengine, na mengine. Kila alipopatikana mtu wa kwenda huko, mama alimtumia kaka picha yake: amevaa gauni la kanisani, amesimama wima mbele ya maua, chupa ya chai yenye nakshi juu ya stuli pembeni, maana picha bila chupa ya chai ilikuwa picha ya watu wenye dhiki. Kaka alijibu kwa salamu kwamba amefurahi kumwona mama hajambo. Basi, imetoka hiyo. "Huyu haji," mama alikuwa anasema, halafu anarudia kukoroga sufuria. Alikuwa anaumia, na mimi nilikuwa naumia kumwona.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni na ungo wa mbaazi mapajani, anachambua. Kanga ya jikoni imefifia, kichwa wazi, na ule mwanga wa baada ya mvua umemshika shavu na mikono. Mungu wangu, ni yuleyule wa viazi! Nikapiga bila kumwita.

"Wewe mtoto una wazimu? Kichwa hivi?" Akakimbilia ndani kuvaa gauni. Nikampiga na hiyo ya gauni, pamoja na chupa yake ya chai, ili yaishe.

Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa, picha ya gauni, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ilikuwa imeungua, nyeupe tupu. Ya mlangoni ilitoka. Na jirani yetu alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Mererani. Mama aliitazama ile picha, akasonya. "Akiniona hivi atasema tumechakaa." Akakaa nayo kitambo, akaisogeza karibu na macho, mwisho akanipa.

"Haya, mpelekee. Lakini andika nyuma kwamba gauni ninalo."

Nikaandika: Mama anasema gauni analo.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa uani naweka mkanda mpya kwenye kamera, mama yuko mlangoni na mbaazi zake, mara akaingia mtu aliyekonda, begi begani. "Shikamoo mama." Mama akaanza kuinuka mbiombio. "Ngoja! Ngoja kwanza nikavae gauni!"

"Kaa hapohapo, mama," kaka akasema. Akaketi kwenye kizingiti, akauvuta ungo kwake kidogo, akaanza kutoa mawe. Baadaye akasema, macho yakiwa kwenye mbaazi, "Zile za gauni, mama, nilikuwa naona mko sawa tu bila mimi."

Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga yake iliyofifia. Halafu akanigeukia kwa ukali.

"Na wewe mbona umesimama tu? Si upige!"