Marungu Chini ya Vitanda

Kila Jumapili ya mpira nilichemsha sindano za kushonea vidonda kabla ya kwenda kanisani, maana nilijua majeruhi watakuja. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwuguzi wa zahanati ndogo karibu na Nyarugusu. Waliocheza ni wachimbaji wa dhahabu na vijana wafugaji wa vijiji vya jirani. Mshindi alipewa fahali. Kila mara fahali huyo alizua ugomvi, na ugomvi uliishia kwangu, vichwa vimepasuka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukasirika nilishindwa.

Siku moja mwalimu wa shule ya misheni alinikuta nashona kichwa cha mchezaji. Akanisimulia habari za Wayunani wa kale: michezo yao mikubwa ilipokaribia walisimamisha vita ili watu wasafiri salama, na mshindi alivikwa taji la majani tu.

"Majani, Mwalimu?"

"Majani, Mama. Heshima ndiyo ilikuwa zawadi."

Sikuamini sana, ila sikuwa na wazo jingine. Tulizungumza na wazee wa pande zote wakakubali: fahali asiwepo, na kila anayekuja uwanjani aache rungu lake kwangu mpaka mpira uishe. Jumapili iliyofuata mfugaji mmoja alicheka. "Majani nitamwachia mbuzi wangu," alisema, lakini rungu alilitoa. Niliyasukuma marungu yote chini ya vitanda vya wagonjwa.

Wachimbaji walishinda kwa bao ambalo wafugaji walilikataa. Nilisikia kelele, kisha nikawaona wote wanakuja mbio kudai marungu. Nilikuwa namshona mchimbaji aliyechanika mguu uwanjani, sikuinuka.

"Mayu, tupe vitu vyetu," alisema yule mfugaji, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ngojeni nimalize. Na mkiumizana leo mtashonana wenyewe. Mimi nimechoka."

Sikusema kwa ukali. Nguvu za ukali sikuwa nazo. Wakatazamana, wakakaa barazani. Nilishona polepole kuliko ilivyohitajika. Mmoja akaomba maji. Yule mfugaji akachungulia mlangoni, akauliza kama mguu utapona. Nilipowatolea marungu walikuwa wakimlaumu mwamuzi tu, na mwalimu alikuwa amemvika nahodha wa wachimbaji taji lake la majani, limekaa upande.

Miezi michache baadaye walipigana kisimani wakigombea maji ya ng'ombe, nikashona tena mpaka vidole vikafa ganzi. Mwalimu alihamishiwa shule ya Samuye. Lakini siku za mpira waliendelea kuniletea marungu bila kuambiwa, mpaka nilipoondoka pale.

Siku hizi nikisikia redioni watu wakisema michezo huleta amani, sibishani nao wala siwaungi mkono. Kwetu ilileta Jumapili kadhaa za kupumzika, nami nilizihitaji.