Fundi Cherehani na Chozi Wake

Mwaka wa hamsini na nne, huko Msambweni, nilimjua fundi mmoja ambaye mguu wake ulikuwa kwenye cherehani na macho yake kwenye mpapai dume wa uani. Wale ndege wadogo waitwao chozi walipokuja kufyonza maua, alisahau kitambaa na kubaki mdomo wazi. "Yule anayeng'aa kijani ndiye mume," alinieleza, akinyoosha kidole chenye subana ya kukingia sindano. "Huyu wa rangi ya vumbi ni mkewe. Watu husema ni ndege mbalimbali. Basi hawatazami midomo? Sindano ni ile ile, imepinda vile vile!"

Mkewe, Mwanaima, alitaka mpapai ule ukatwe, kwani hauzai. Siku moja akaenda kuazima panga kwa jirani yao, Biasha. "Mume wangu tangu alfajiri amekaa uani na chozi," alilalamika. "Kazi hafanyi, chakula hataki."

Biasha alisikia chozi la jichoni, akadhani pana msiba, akapeleka habari mtaani. Mwanaima alikuwa bado ananoa panga, wakaingia akina mama saba, wamejitanda kaniki, wanyonge kabisa.

"Pole, fundi. Nani aliyetutoka?"

Fundi alitazama kiota cha chozi kilichoning'inia mpapaini, kimefumwa kwa nyuzi za cherehani yake, na ndani yake makinda wakilia.

"Bado hawajafa, mama zangu," alijibu kwa upole. "Lakini saa ya maziko muulizeni huyu mwenye panga."

Mwanaima akalificha panga ndani ya leso, akaenda kuwapikia wageni chai.